Rekodi za Muziki wa Klasiki na Muziki wa Kale wa Ulaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya mara nyingi ni wanakwaya waliojifunza Haleluya ya Handel na sasa wanataka kuisikia ikiimbwa na wengine. Wapo pia wapenzi wa taarab wenye sikio la udi na fidla, na wale waliosikia kipande kwenye filamu kikawaganda kichwani. Kila swali linajitosheleza, kwa hiyo ruka hadi linalokuhusu.

## Kuanza

1. Muziki wa klasiki na muziki wa kale, tofauti ni nini?

Mitaani "klasiki" ni jina la kapu zima, kuanzia nyimbo za watawa hadi okestra za filamu. Wenye fani hutenganisha. Muziki wa kale ni ule wa Enzi za Kati, wa Renesansi (karne ya 15 na ya 16) na wa Baroko (karibu 1600 hadi 1750), na desturi ni kuufunga mwaka 1750, alipofariki mtunzi Bach. Baada ya hapo ndiyo wanakuja Haydn, Mozart na Beethoven, ambao kipindi chao ndicho hasa kinachoitwa klasiki.

Kwa msikilizaji, tofauti inayogusa sikio ni ya vyombo. Rekodi nyingi za muziki wa kale siku hizi hupigwa kwa vyombo vya wakati ule au nakala zake (tazama swali la 5).

2. Sijui lolote. Nianze na rekodi gani?

Inategemea unachopenda sasa hivi. Anayeuliza "nipe nzuri" bila kusema anasikiliza nini kwake nyumbani hupewa Mozart na kila mtu, na wiki ya pili ameacha.

Kama wewe ni mtu wa kwaya, anza na *Miserere* ya Allegri iliyorekodiwa mwaka 1980 na kikundi cha waimbaji cha The Tallis Scholars ndani ya kanisa la Merton College, Oxford. Waimbaji wachache, hakuna ala hata moja, na jengo lenyewe linaitikia.

Kama unapenda midundo na kasi, chukua *Misimu Minne* ya Vivaldi, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725, lakini chukua ya Il Giardino Armonico au ya Fabio Biondi na Europa Galante. Rekodi hizi zina meno. Katika sehemu ya pili ya "Masika" (Spring) msikilize mpiga viola, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi: mchungaji amelala, fidla zinapepea kama majani, na viola inarudia sauti mbili nzito tena na tena. Huyo ni mbwa anabweka. Vivaldi mwenyewe aliandika hivyo kwenye nota.

Kama unataka nguvu, sikiliza Simfoni ya Tano ya Beethoven ikipigwa na okestra ya Vienna, Wiener Philharmoniker, chini ya Carlos Kleiber, rekodi ya mwaka 1974. Unayetaka utulivu baada ya kazi, tafuta *Officium* ya mwaka 1994: waimbaji wanne wa Hilliard Ensemble wanaimba nyimbo za kale za kanisa, na Jan Garbarek anapita katikati yao na saksafoni. Wapo wanaoiona kama kuchezea vitu vitakatifu. Mimi naiona mlango mzuri.

Mpenzi wa taarab nimemwekea swali lake, la 8.

3. Kipande kimoja kina rekodi mia. Ipi ndiyo yenyewe?

Hakuna yenyewe. Mtunzi aliacha karatasi, na kila mpigaji anaifufua kivyake. Kuliko kusaka rekodi bora, chagua kipande kifupi, tafuta rekodi mbili zinazotofautiana, uzisikilize moja baada ya nyingine siku hiyohiyo. Sikio litajifunza lenyewe.

Mfano ninaoutumia siku zote ni *Goldberg Variations* za Bach, zilizochapishwa mwaka 1741: wimbo mmoja unaoitwa Aria, kisha mageuzi 30 yaliyojengwa juu ya besi yake, kisha Aria inarudi. Mpiga piano Glenn Gould wa Kanada alizirekodi New York mwaka 1955 akiwa na miaka 22. Akazirekodi tena mwaka 1981, na rekodi hiyo ilipotoka mwaka 1982 alifariki siku chache baadaye. Mtu yuleyule, mji uleule, nota zilezile.

Sikiliza Aria ya kwanza peke yake katika kila moja. Ya 1955 inaisha kabla ya dakika mbili. Ya 1981 inachukua kama dakika tatu, na kila sauti imewekwa chini taratibu kana kwamba anaipima kabla hajaiachia. Rekodi nzima ya kijana ni kama dakika 38, ya mtu mzima kama 51. Ukiwa na hedifoni utasikia pia kitu kisichokuwa kwenye nota: Gould anaimba chinichini huku anapiga. Mafundi wa sauti walihangaika nayo miaka yote, haikutoka.

Ukishajua unapenda ya kijana au ya mzee, umeshajijua kuhusu mambo mengi mengine. Wanaopenda ya 1955 huwa nawaelekeza kwa Vivaldi wa Biondi. Wa 1981 nawapa Dowland (swali la 8).

4. Lazima nijue kusoma nota?

Hapana.

## Vyombo na sauti za waimbaji

5. "Vyombo vya kipindi" kwenye jalada maana yake nini?

Fidla ya leo ina nyuzi za chuma, au zenye kiini cha plastiki kilichozungushiwa chuma. Ya zama za Bach ilikuwa na nyuzi za utumbo wa kondoo, upinde mwepesi zaidi, na haikuwa na kishikio cha kidevuni. Filimbi ilikuwa ya mbao, tarumbeta haikuwa na vali, yaani vitufe vya kubonyeza. Badala ya piano palikuwa na hapsikodi, ambayo hudonoa nyuzi badala ya kuzigonga, ndiyo maana kila sauti yake ina ncha na inafifia upesi.

Kwa muda mrefu Bach alipigwa na okestra kubwa za kisasa, polepole na kwa uzito. Mwaka 1953 Nikolaus Harnoncourt na wenzake walianzisha Concentus Musicus Wien kule Vienna, wakaanza kujifunza vyombo vya zamani pamoja na vitabu vya walimu wa enzi hizo. Kuanzia 1971 yeye na Gustav Leonhardt wa Uholanzi waligawana kazi ya kurekodi kantata zote za kanisa za Bach (kazi za waimbaji na ala kwa ajili ya ibada), takriban 200, wakamaliza karibu miaka ishirini baadaye. Rekodi za mwanzo zina makosa yanayosikika: tarumbeta zinateleza, watoto wanaoimba wanachoka. Bado nazipendekeza, kwa sababu unasikia watu wanajifunza lugha mbele yako.

6. Nikifuatisha rekodi kwa kinanda changu hailingani. Simu yangu mbovu?

Simu ni nzima. Vyombo vya leo huwekwa sawa kwa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Vikundi vingi vya Baroko hutumia 415, ambayo ni nusu toni chini. Wimbo ulio kwenye D katika nota zako utausikia kama uko D-flati.

Mwalimu wa kwaya mwenye kinanda cha umeme: shusha transpozi hadi -1, upige kama ilivyoandikwa. Ukishamaliza irudishe sifuri, la sivyo Jumapili soprano watakushukuru na besi watakulaani. Muziki wa Ufaransa wa enzi hiyo hupigwa chini zaidi, mara nyingi 392, na hapo utahitaji -2.

7. Huyo anayeimba juu ni mwanamke, mtoto au mwanamume?

Yeyote kati yao. Makanisa mengi ya Ulaya hayakuruhusu wanawake kuimba kwaya, hivyo sauti za juu zilikuwa za wavulana, au za wanaume wanaoimba kwa falseto, yaani sauti nyembamba ya juu kuliko ya kawaida yao. Hao wa mwisho huitwa kauntatena. Aliyewarudisha kwenye rekodi ni Mwingereza Alfred Deller katikati ya karne ya 20. Wa zama zetu, msikilize Andreas Scholl wa Ujerumani, sauti yake haina mkwaruzo hata mmoja.

Kulikuwa pia na makastrati, wavulana waliohasiwa ili sauti isivunjike. Mmoja wao, Alessandro Moreschi wa kwaya ya kanisa la Sistina kule Vatikani, alirekodiwa Roma mwaka 1902 na 1904. Rekodi hizo zipo mtandaoni. Siwezi kusema zinapendeza, ila ukizisikia huzisahau.

8. Mimi mtu wa taarab. Kuna chochote huku kinachonihusu?

Kipo, na ni cha damu. Luti ya Ulaya ni mtoto wa udi uliofika Hispania na Waarabu: tumbo la mviringo la vipande vyembamba vya mbao, shingo inayovunjikia nyuma. Wazungu waliiongezea vibano kwenye shingo, wakaacha plektramu na kuanza kudonoa kwa vidole ili wapige sauti kadhaa kwa pamoja.

Anza na *Cantigas de Santa Maria*, nyimbo zaidi ya 400 zilizokusanywa katika baraza la mfalme Alfonso X wa Castilla karne ya 13. Michoro ya kitabu chenyewe inaonyesha wapiga ala, wakiwemo wenye udi. Jordi Savall wa Catalonia ana rekodi yake nzuri. Kisha nenda kwenye *Orient-Occident* ya mwaka 2006, ambamo Savall anakaa na wanamuziki kama Driss El Maloumi, mpiga udi wa Morocco, wakapokezana nyimbo za Hispania, Uturuki na Afghanistan. Huko utasikia mizunguko ya maqam bila kutafsiriwa.

Halafu teremka hadi John Dowland (1563–1626), Mwingereza wa huzuni. "Flow My Tears" yake ilichapishwa mwaka 1600. Kwa luti peke yake nampendekeza Paul O'Dette, aliyerekodi kazi zote za Dowland za chombo hicho. Sikiliza usiku. Luti ni chombo cha chumbani, feni tu inaweza kuifunika.

## Kwa wanakwaya

9. Tunaimba Haleluya ya Handel. Nisikilize *Messiah* ipi?

Kwanza jua kwamba Haleluya siyo mwisho wa *Messiah*, kazi ndefu ambamo imetoka. Inafunga sehemu ya pili kati ya tatu. Baada yake inakuja "I know that my Redeemer liveth", soprano mmoja na fidla chache, na wengi hawaifikii kwa sababu wameshazima.

Rekodi yangu ya kwanza kwa mtu yeyote ni ya Christopher Hogwood na Academy of Ancient Music, iliyotoka mwaka 1980. Imefuata toleo la mwaka 1754 la Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa ya London, wavulana wa Christ Church Oxford wakiimba sauti ya kwanza, na Emma Kirkby miongoni mwa waimbaji pekee. Kwaya ni ndogo na maneno yote yanasikika. Mwenye kwaya ya watu 25 atapata moyo: kazi hii ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, haikuimbwa na jeshi la watu.

Kwa upande wa pili kabisa yupo Thomas Beecham, rekodi ya 1959, okestra kubwa yenye matoazi na vinubi ambavyo Handel hakuviandika. Wataalamu wanaikunjia uso. Isikilize Haleluya yake kwa spika kubwa kabla hujawaunga mkono.

Angalizo la ufundi: Hogwood yuko 415, kwa hiyo swali la 6 linakuhusu.

10. Ni kweli kuna wimbo wa sauti 40?

Kweli. *Spem in alium* ya Thomas Tallis, ya karibu mwaka 1570. Ni kwaya nane zenye sauti tano kila moja, na hakuna sauti mbili zinazoimba mstari uleule. Mwanzoni zinaingia mojamoja na wimbo unatembea kutoka kwaya ya kwanza hadi ya nane. Baadaye wote wananyamaza kwa pigo moja kisha wanarudi kwa pamoja, arobaini. Hapo ndipo spika ya simu inaposhindwa. Tafuta hedifoni, hata za kuazima, na uchukue rekodi ya The Tallis Scholars ya 1985. Dakika kumi tu.

11. Ile noti ya juu ya *Miserere* mbona haipo kwenye rekodi niliyopata?

Kwa sababu huenda Allegri hakuiandika. *Miserere* iliimbwa katika kanisa la Sistina kwenye Juma Kuu, na mapambo yake yalipokezwa kwa sikio. Mozart aliisikia huko mwaka 1770 akiwa na miaka 14, akaenda kuiandika kwa kumbukumbu. Toleo tunalolijua leo, lenye C ya juu inayopasua paa, limetokana na makosa ya kunakili yaliyoingia karne ya 19, kipande kimoja kikapandishwa ufunguo. Vikundi vingine vimeamua kurudi kwenye mapambo ya zamani, ndiyo hiyo uliyopata.

Kosa zuri, hata hivyo. Anayeitaka C hiyo kwa sauti ya mtoto atafute rekodi ya King's College, Cambridge, ya mwaka 1963, chini ya David Willcocks, mvulana Roy Goodman akiimba. Wanaimba kwa Kiingereza, siyo Kilatini.

## Simu, bando na kelele

12. Mwanzo sisikii kitu, naongeza sauti, halafu ghafla inanipasua masikio. Kwa nini?

Nyimbo za redioni zimebanwa sauti: ubeti na kiitikio vina nguvu karibu sawa. Rekodi za klasiki huachwa zilivyo, mnong'ono ukabaki mnong'ono. Ndani ya daladala mnong'ono huo unamezwa na injini.

Kwa safari chagua hapsikodi au konseto za Vivaldi (vipande vya mpigaji mmoja mbele ya okestra), ambazo hazipandi na kushuka sana. Beethoven, *Spem* na kila kitu cha luti viache hadi ufike nyumbani.

13. Inakula bando kiasi gani?

Piga hesabu kwa saa. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde inakula kama MB 43 kwa saa, ya kilobiti 320 kama MB 144. *Messiah* nzima, tuseme saa mbili na dakika ishirini, ni takriban MB 100 kwa kiwango cha chini na MB 336 kwa kiwango cha juu. Sauti isiyobanwa kabisa ya kiwango cha CD inafika MB 635 kwa saa, na kwa hedifoni za kawaida sioni sababu ya kuilipia.

Ukitumia video, picha ndiyo mlaji mkuu, ishushe. Na ukiwa na waifai ya bure popote, pakua.

14. Natafuta kipande nakosa, au napata vipande vilivyovurugika. Nifanyeje?

Andika jina la mtunzi, namba ya kazi, na jina la mpigaji. Bach hupewa namba za BWV (Goldberg ni BWV 988), Mozart ni K, Vivaldi ni RV, Handel ni HWV. "Bach aria" italeta maelfu. "BWV 988 Gould 1981" italeta moja.

Kazi ndefu hukatwa vipande kwenye programu za muziki. Zima uchezaji wa kuchanganya, na zima pia mpangilio unaofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, maana unakula sekunde za ukimya ambazo ni sehemu ya muziki.

15. Kuna vya bure vilivyo halali?

Vipo, na vingine ni vizuri kuliko vya kununua. Netherlands Bach Society tangu 2014 wanaweka mtandaoni video za kazi za Bach, moja baada ya nyingine, kwa lengo la kuzimaliza zote. Goldberg iliyopigwa na Kimiko Ishizaka ilitolewa mwaka 2012 bila hakimiliki yoyote: pakua, gawia wanakwaya, weka kwenye video yako. Nota za watunzi waliokufa zamani zinapatikana kwenye tovuti ya IMSLP.

16. Rekodi za zamani zenye mikwaruzo zina faida gani?

Kwenye sahani ya santuri upande mmoja ulibeba dakika tatu hadi nne na kidogo, kwa hiyo mpigaji hakuwa na nafasi ya kupoteza. Aliyezoea rekodi za Siti binti Saad zilizoanza kufanywa Bombay mwaka 1928 anajua sikio linavyouvuka mkwaruzo baada ya muda mfupi.

Kwa upande wa Bach, kituo ni Pablo Casals, mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa. Alizikuta nota za suti sita za selo (mifululizo ya vipande vya dansi) kwenye duka la Barcelona akiwa kijana wa miaka 13, akazirekodi kati ya 1936 na 1939, wakati Hispania yake iko vitani au imetoka tu vitani. Ukimaliza, mlinganishe na Anner Bylsma wa 1979, aliyetumia selo ya Baroko: Casals anahubiri, Bylsma anaongea.

## Maswali ya pembeni

17. Watunzi weusi wapo?

Wapo tangu zamani. Vicente Lusitano, Mreno mwenye asili ya Afrika, alichapisha kitabu cha nyimbo zake Roma mwaka 1551. The Marian Consort wamemrekodi. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake Nanon akiwa mtumwa, akawa bingwa wa fidla na wa upanga Paris. Konseto zake za fidla ni ngumu na zina furaha.

Karibu nasi zaidi ipo *Missa Luba*, misa ya Kilatini kwa mitindo ya kuimba ya Kongo, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya Kamina, Katanga. Siyo muziki wa kale, ila mwanakwaya yeyote anapaswa kuijua.

18. Inanipa usingizi. Nina tatizo?

Huna. Mwandishi wa kwanza wa maisha ya Bach alisimulia kwamba Goldberg zilitungwa kwa ajili ya bwana mmoja aliyekosa usingizi. Watafiti wanaitilia shaka hadithi hiyo, lakini haijamzuia mtu kulala.

19. Mbona opera hakuna kwenye orodha yako?

Kwa sababu opera inataka macho, na kuisikia bila kujua nani anamlilia nani ni kazi bure. Ukitaka kujaribu, tafuta video, siyo sauti tupu. *L'Orfeo* ya Monteverdi iliigizwa Mantua mwaka 1607, na Savall ana onyesho lililorekodiwa kwenye jumba la Liceu, Barcelona, mwaka 2002. Hadithi ni fupi: mwanamuziki anafiwa na mkewe, anamfuata kuzimu, anaambiwa asigeuke nyuma. Washa maandishi ya tafsiri, nenda kitendo cha pili, pale mjumbe anapoingia katikati ya sherehe kuleta habari ya kifo. Ngoma na vigelegele vinakatika, kinabaki kinanda kidogo na sauti yake. Kama hapo hakupatikani kitu, rudi swali la 2 uchukue njia nyingine.